Kitufe Si Herufi, na Kama Hujui Tofauti Acha Kutufundisha

Ng'ombe alinikosesha elfu saba na mia tano.

Si ng'ombe wa miguu minne. Ni neno lenyewe. N, G, ritifaa, O, M, B, E.

Mwaka jana mama mmoja mwenye kituo cha watoto alinipa kazi: mchezo wa kompyuta wa kufundisha watoto kuandika maneno ya Kiswahili. Sungura anasimama katikati, neno linatokea juu, mtoto analiandika, sungura anapata karoti. Mishale ya kibodi inamsogeza sungura huku na kule. Malipo elfu kumi na tano, nusu mwanzo, nusu nikimaliza. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, hiyo si pesa ya kuchezea.

Nikajenga. Siku tisa, usiku mwingi, chai nyingi. Siku ya kuonyesha, mtoto wa Gredi 2 akaandika "ng'ombe". Alipofika kwa ritifaa, sungura akaruka kulia. Akafuta, akaandika tena. Sungura kulia tena. Wakaleta neno lingine, "ng'ambo". Sungura akatoka nje ya skrini kabisa, akaenda ng'ambo kweli. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mama hakucheka. Nusu ya pili sikuiona hadi leo.

Nililaumu kompyuta ya kituo. Nikalaumu kibodi. Baada ya siku mbili nikajua wa kulaumiwa ni nani, na ndiyo maana naandika hii.

Sikiza. Kwenye kivinjari, kile kitufe cha mshale wa kulia ukikibonyeza, tukio linaloitwa keydown linakupa namba 39. Na ile alama ya ritifaa, kwenye jedwali la herufi la ASCII, pia ni namba 39. Sasa, ukiunganisha keydown na keypress kwa kazi moja, vile video nilizosomea zilinifunza, keydown inakuletea namba ya kitufe, keypress inakuletea namba ya herufi. Ni namba za aina mbili kwenye kikapu kimoja. 39 ikifika, programu haijui kama mtoto ameshika mshale ama ameandika ng'ombe. Na si ritifaa peke yake. Mishale minne ni 37, 38, 39 na 40. Angalia ASCII: 37 ni alama ya asilimia, 38 ni "&", 39 ni ritifaa, 40 ni mabano ya kufungua. Mishale yote minne ina pacha.

Kwa Mwingereza anayeandika "cat" na "dog", hii hitilafu anaweza kaa nayo miaka kumi na asiione. Kwa Mswahili, inamngoja kwenye neno la kwanza la shambani.

Kwa hivyo hoja yangu ni moja, na nitaisema bila kupunguza sukari: kitufe si herufi. Na kila mtu anayefundisha vijana kutengeneza programu kwa kuwaambia "65 ni A, kariri hivyo" anatuuzia mali mbovu.

Vitu vitatu, si kimoja

Ukibonyeza kibodi mara moja, kuna vitu vitatu vinatokea na watu wanavichanganya.

Cha kwanza ni mahali. Kidole chako kimegusa kipande fulani cha plastiki, safu ya tatu, cha kwanza kushoto. Kibodi yenyewe haijui kimeandikwa nini juu. Inatuma tu ujumbe: "kile cha pale kimeshuka."

Cha pili ni maana. Mfumo wa kompyuta unaangalia mpangilio uliochagua, iwe wa Marekani, wa Ufaransa, wa Kenya, halafu unaamua: hicho kipande leo kinaitwa A. Ama kinaitwa Q. Ama ni Escape, ama mshale, ambazo si herufi kabisa.

Cha tatu ni maandishi. Hii ndiyo inaingia kwenye sanduku la kuandikia. Na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, juu mbonyezo mmoja unaweza kutoa herufi moja, ama isitokee herufi yoyote, ama vitufe viwili vishirikiane kutoa herufi moja, ama kwa simu neno zima liingie bila kitufe chochote kubonyezwa.

Kama umeelewa hapo, umeelewa zaidi ya nusu ya video nilizotazama.

Chukua msee wa Lubumbashi ama Bujumbura. Anaongea Kiswahili kama wewe, lakini laptop yake ina kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY. Mahali A yako iko, yeye ana Q. Mahali W yako iko, yeye ana Z. Sasa umemtengenezea mchezo wa kutembea kwa W, A, S, D. Hivyo vitufe vinne vinapendwa kwa sababu ya umbo, vidole vinakaa hapo vizuri. Ukiuliza kwa maana, yeye lazima apinde vidole kama anacheza kinanda. Ukiuliza kwa mahali, anacheza sawasawa na wewe. Kwenye kivinjari hiyo inaitwa event.code, na itakuambia "KeyW" hata kama juu ya kitufe chake kumeandikwa Z.

Lakini geuza. Umeweka Ctrl na Z ya kurudisha nyuma. Hapo unataka maana, juu mtu anatafuta herufi Z kwa macho. Ukitumia mahali, huyo msee wa Lubumbashi akitaka kurudisha nyuma atabonyeza Z yake, ambayo programu yako inaiona kama W, na kwa programu nyingi Ctrl na W ni kufunga. Kazi yake imeenda.

Unaona? Hakuna jibu moja sahihi. Kuna swali sahihi: nataka mahali, maana, ama maandishi?

Nani alituletea hii shida

Tuwe wa haki kidogo. Zamani ilikuwa na maana. ASCII ilitoka 1963, wakati wa mashine za kupiga chapa zinazoongea kwa waya. Herufi, namba, amri, zote zilipita kwenye bomba moja jembamba. A ni 65, a ndogo ni 97. Ukishika Ctrl, unaondoa 64: I ni 73, kwa hivyo Ctrl na I ni 9, na 9 ni Tab. M ni 77, Ctrl na M ni 13, na 13 ni Enter. Mpaka leo, kwenye dirisha la kawaida la amri, programu haiwezi kutofautisha Tab na Ctrl-I. Mashine ya 1963 bado inatuamulia.

Lakini waliojenga maktaba za madirisha na vitufe walikuja baadaye, na wengi wao waliona shida. Angalia Qt. Herufi zinabaki na namba zake, Key_A ni 65, lakini Escape wameipeleka mbali, 16,777,216. Kwa nini mbali hivyo? Juu jedwali la Unicode, lenye herufi za dunia nzima, linaishia 1,114,111. Ukijenga nyumba ya Escape nje ya hapo, hakuna herufi itakuja kugonga mlango. SDL 2, ambayo pygame inakalia, ilifanya vivyo hivyo: mshale wa kulia ni 1,073,741,903. Namba mbaya kwa macho, lakini ritifaa inabaki 39 peke yake, na sungura wangu angebaki mahali pake.

Kwa hivyo wasiniambie haijulikani. Inajulikana. Watu hawafundishi tu.

Na hata walioona shida hawakumaliza yote. Hapo hapo kwa Qt, kile kitufe kikubwa cha kuingiza kinaitwa Key_Return, na kile cha upande wa namba kinaitwa Key_Enter. Ni vitu viwili tofauti. Mtu anatengeneza programu ya duka la jumla, anaandika Key_Return, anajaribu na laptop yake isiyo na upande wa namba, inafanya kazi, anapokea pesa. Kesho yake keshia, ambaye mkono wake wa kulia unaishi upande wa namba siku nzima, anapiga bei, anapiga Enter, kimya. Anapiga tena. Foleni inakua. Na nani anaambiwa hajui kompyuta? Keshia.

Tkinter nayo ina mtego wake. Ukitaka kufunga namba moja ya kibodi na ukaandika <1>, yenyewe inasikia mbofyo wa kushoto wa kipanya. Unangoja mtu abonyeze 1, yeye akigusa dirisha tu mambo yanalipuka. Java nayo, ukiuliza namba ya kitufe ndani ya keyTyped, unapewa VK_UNDEFINED, ambayo ni sifuri. Kila siku kuna kijana mahali anakaa na hiyo sifuri usiku kucha akidhani yeye ndiye mjinga.

Wewe si mjinga. Maktaba ilikupa kitu kimoja kinaitwa "key" na ndani yake kulikuwa na vitu vitatu.

"Lakini Kenya sote tunatumia QWERTY"

Hii ndiyo jibu napewa kila nikileta hii stori. Ati hayo mambo ya Wafaransa yanatuhusu nini.

Sawa. Nitakupa mtihani wa kwetu. Andika kwenye programu yako jina hili: Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mwandishi wetu mkubwa, aliyefariki 2025, aliyeandika riwaya ya Gĩkũyũ kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti, akatumia maisha yake kutuambia lugha zetu si za kuonewa aibu. Jina lake lenyewe lina ũ, lina ĩ, lina ritifaa. Ni kama liliwekwa makusudi limtese mtu aliyekariri 65 hadi 90.

ũ ni 361 kwa Unicode. ĩ ni 297. Hakuna kitufe cha ũ kwenye kibodi uliyonunua Luthuli Avenue. Kuna njia, mojawapo ni kitufe kimya: unabonyeza alama ya wimbi, hakuna kinachotokea, halafu unabonyeza u, ndipo ũ inatokea. Vitufe viwili, herufi moja. Kivinjari kikiona kile cha kwanza kinakuambia event.key ni "Dead". Imekufa. Programu iliyoandikwa kwa fikra za 65 inaitupa nje, ama inaandika u tupu, na hapo Kikuyu na Kikamba vimeondolewa mlangoni bila mtu yeyote kutangaza.

Linux ina mpangilio wa kibodi wa Kiswahili cha Kenya, na mwingine wa Kikuyu. Mtu alikaa chini akafanya hiyo kazi. Halafu wewe unakuja na programu inayokagua kama namba iko kati ya 65 na 90, unaifuta kazi yake kwa mstari mmoja.

Na kuna hii nyingine ya kuchekesha. Kwenye Windows, ukichagua mpangilio wa Marekani wa kimataifa ili upate alama za juu ya herufi, ritifaa yenyewe inakuwa kitufe kimya. Andika ng'ombe haraka haraka: unapata "ngómbe". Ng'ombe Mhispania.

Mpaka hapo unaweza kucheka. Sasa acha kucheka.

Jirani yetu ana jina lenye ng' mbili. Unalijua, uko na rafiki analo. Mwaka jana alikuwa anajaza fomu ya kazi kwenye mtandao, kampuni siitaji. Sanduku la jina likakataa ritifaa. Si kwamba lilimwonya, kitufe kilikuwa hakifanyi kazi tu. Anabonyeza, hakuna. Akaandika bila. Baadaye wakamwambia jina la fomu halifanani na la kitambulisho. Alizunguka wiki tatu akieleza kwamba yeye ni yeye.

Walimu wa Kiswahili walituchapa juu ya hii kitu. Kung'oa ni kutoa jino. Ngoa ni wivu. Ritifaa si pambo, ni sauti. Halafu mtu aliyesoma shule hizo hizo, akafeli ama akapita huo mtihani huo huo, anakaa kwa kompyuta anaandika kichujio kinachosema sauti hiyo si halali. Hakuna mkoloni hapo. Ni sisi, na msimbo tulionakili.

Na simu je?

Hapa ndipo hoja ya "sote tunatumia QWERTY" inazikwa rasmi. Wengi wenu mnasoma hii kwa simu. Simu haina vitufe. Ina picha ya vitufe na programu inayokisia neno unalotaka. Kwenye Android nyingi, ukisikiliza keydown kwenye kivinjari ukiuliza namba, kila herufi inakuja na 229, na jina la kitufe ni "Unidentified". Maana yake kwa lugha ya nyumbani: "niulize baadaye, bado napika." Ukigusa neno lililopendekezwa, "ng'ombe" zima linaingia kwa mpigo mmoja. Ukiongea na simu iandike, ndiyo kabisa, hakuna kidole kimegusa chochote.

Kwa hivyo kijana anajenga mchezo wake kwa laptop, unafanya kazi, anautuma kwa kikundi cha WhatsApp, na asilimia kubwa ya marafiki wanamwambia "haiandiki." Anadhani simu zao ni za bei rahisi. Simu zao ziko sawa. Swali lake ndilo bovu.

Mimi nataka nini

Kwanza, nataka walimu, wa chuo na wa video, mfute lile somo la namba. Kwenye kivinjari keyCode iliwekwa kando kitambo, nafasi yake wakaleta key na code. Kama somo lako bado linaanza na keyCode 13, unafundisha historia. Sema ni historia.

Pili, nataka mwenye kujenga programu ajiulize lile swali kabla ya kuandika mstari mmoja. Unataka maandishi? Basi omba maandishi, usiokote vitufe ukijaribu kuyaunganisha. Kivinjari kina tukio la input. SDL na pygame 2 zina TEXTINPUT. Tkinter ina Entry. Qt ina sanduku zake tayari. Mtu mwingine ameshateseka na vitufe kimya kwa niaba yako, kwa nini urudie? Unataka amri, kama kuhifadhi ama kurudisha nyuma? Tumia maana: event.key, keysym, Qt.Key. Unataka vidole, kama kwa mchezo? Tumia mahali: event.code, scancode. Na umruhusu mchezaji abadilishe.

Tatu, na hii ni kwa wale wanaojenga maktaba zenyewe, na najua wapo Wakenya wanafanya hivyo: msitupe namba tupu. Namba tupu haina adabu, inakubali kulinganishwa na chochote. Kuna maktaba ya lugha ya Rust inaitwa winit, ukibonyeza kitufe inakupa physical_key, logical_key na text, vitu vitatu, kila kimoja na aina yake. Ukijaribu kulinganisha mahali na maana, programu inakataa hata kuanza. Hiyo ndiyo heshima. Kosa langu lingekamatwa mezani kwangu, si mbele ya watoto ishirini.

Najua mtu atasema nafanya jambo kubwa kutoka kwa kitu kidogo. Ati vijana hawana kazi, karo imepanda, na mimi niko hapa nalia juu ya ritifaa. Lakini angalia vizuri hao waliolipa kwenye hii stori. Keshia mwenye foleni. Jirani aliyezunguka wiki tatu. Mtoto wa Gredi 2 aliyeandika neno sahihi na kompyuta ikamwonyesha kama amekosea. Huyo wa mwisho ndiye ananisumbua usiku. Aliandika vizuri. Ng, ritifaa, ombe, vile mwalimu alimfunza. Mimi ndiye nilikosea, na yeye ndiye aliyefuta.

Nilirekebisha mchezo. Mistari sita tu. Nikamtumia yule mama bure, sikuomba ile nusu. Akanitumia video ya sekunde kumi: mtoto anaandika "ng'ombe", sungura ametulia, karoti inashuka.

Sasa fungua programu yako, hiyo unayojivunia. Andika Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa laptop, halafu kwa simu. Kama imekubali, weka picha hapo chini tukupongeze. Kama imekataa, usitafute kibodi nyingine. Shida haiko kwa kibodi.